Duka la Ukurasani na Lawama Linazobebeshwa

Kuna ushauri ambao karibu kila mwenye biashara ndogo mtandaoni ameshaupokea, ama kutoka kwa mkufunzi wa semina, ama kwa ndugu anayeelewa kompyuta: asiitegemeze biashara yake kwenye mtandao wa kijamii, kwa sababu mtandao huo si mali yake, na mwenye nyumba anaweza kumtoa mpangaji siku yoyote. Atengeneze tovuti. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na una ukweli ndani yake. Hata hivyo, umezoeleka kusemwa kwa namna inayomfanya muuzaji anayeendesha shughuli zake zote kupitia Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp aonekane mvivu, au mtu ambaye bado hajaamua kufanya biashara ya kweli. Hapo ndipo anapodhulumiwa.

Wanaoonya hawaongei bila ushahidi. Mwishoni mwa Juni 2020 serikali ya India ilipiga marufuku TikTok pamoja na programu nyingine 58, wakati TikTok ilikuwa na watumiaji takriban milioni 200 nchini humo, na kila aliyekuwa amekusanya wateja wake mle alipoteza njia ya kuwafikia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa muda wa saa sita hivi, na muuzaji aliyeamini kwamba amepunguza hatari kwa kufungua akaunti tatu alitambua siku hiyo kwamba zote tatu zina mmiliki mmoja. Ipo pia hasara isiyo na kishindo. Mwaka 2014 Facebook yenyewe ilieleza kwamba kila mtu anapofungua ukurasa wake wa habari, kwa wastani yapo machapisho 1,500 ambayo angeweza kuonyeshwa, na mfumo humchagulia takriban 300 tu. Januari 2018 kampuni hiyo ikatangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatatangulizwa mbele ya yale ya kurasa za biashara. Kwa hiyo mwenye wafuasi elfu kumi hana hadhira ya watu elfu kumi. Ana nafasi ya kushindania macho yao, na masharti ya shindano hilo hubadilishwa bila yeye kuulizwa.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho linalotolewa kutokana nayo, kwa sababu linaanza kuhesabu gharama pasipostahili. Anayeanza biashara ndogo hajui bado kama bidhaa yake itapata mnunuzi, na jambo hilo moja lina uzito kuliko mengine yote yanayomkabili. Tovuti humtaka alipe kabla hajajua: jina la tovuti, seva ya kukodi (yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti), mtengenezaji, mfumo wa kupokea malipo, na mtu wa kurekebisha mambo yanapoharibika. Ukurasa humtaka awe na simu, bando, picha nzuri na subira. Tena chapisho lake la kwanza humfanyia utafiti wa soko, maana anaweka bidhaa tatu na kuona ni ipi inayoulizwa. Watu wanaomba rangi ambayo hana, au wananyamaza wote baada ya kutajiwa bei, na ukimya huo nao ni jibu. Taarifa za namna hiyo, ambazo kampuni kubwa huzilipia, yeye huzipata kwenye maoni na kwenye inboksi kabla hajatumia akiba yake.

Liko pia suala la imani, ambalo wanaohimiza tovuti hulipita upesi mno. Mnunuzi wa mtandaoni huogopa kutapeliwa kuliko anavyoogopa bei. Tovuti yenye sura ya kupendeza inaweza kutengenezwa na tapeli kwa siku moja na kufutwa siku inayofuata. Ukurasa wenye machapisho ya miaka miwili, wenye malalamiko yaliyojibiwa hadharani, wenye picha za mizigo iliyowafikia watu na maoni ya wateja ambao mnunuzi anaweza kuwaandikia na kuwauliza, ni mgumu zaidi kughushiwa. Najua wafuasi wa bandia hununuliwa, lakini kununua wafuasi ni rahisi kuliko kununua miaka miwili ya mazungumzo yanayoeleweka. Na mazungumzo ndiyo moyo wa biashara hizi: mteja anataka kuuliza, kuomba picha ya upande wa nyuma, kupatana, kusikia sauti ya anayemuuzia. WhatsApp ilipotoa programu yake maalumu ya biashara Januari 2018, ikiwa na majibu ya haraka na maelezo ya biashara, ilikuwa inawafuata wauzaji waliokwisha kuigeuza programu ya kawaida kuwa kaunta ya kuuzia.

Zaidi ya hayo, uhuru unaosemwa kuwa uko kwenye tovuti umetiwa chumvi. Jina la tovuti linaloishia na .com halinunuliwi likawa lako. Hukodishwa kwa muda usiozidi miaka 10 kwa mara moja. Seva ni ya kukodi. Malipo hupitia kampuni nyingine yenye haki ya kusitisha huduma. Wageni wengi wa tovuti huletwa na Google, ambayo nayo hubadili masharti yake ya kupanga matokeo ya utafutaji: mabadiliko ya Februari 2011 yaliyokuja kuitwa Panda yaligusa asilimia 11.8 ya utafutaji wote nchini Marekani kwa maelezo ya Google yenyewe, na tovuti nyingi zilizotegemea wageni hao zilipoteza sehemu kubwa ya mapato. Hata wenye nyumba wakubwa wana wenye nyumba wao. Apple, mtengenezaji wa simu za iPhone, ilipoanza, Aprili 2021, kuzitaka programu ziombe ruhusa ya mtumiaji kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti nyingine, Meta, kampuni mama ya Facebook ambayo matangazo yake hutegemea ufuatiliaji huo, ilikadiria kwamba hatua hiyo ingeipunguzia mapato ya mwaka 2022 kwa dola bilioni 10 hivi. Basi muuzaji mdogo hachagui kati ya kupanga na kumiliki. Anachagua mwenye nyumba yupi, kwa kodi gani, na kwa wakati upi.

Lakini kuna takwimu moja ambayo kwangu inaeleza hali ya wauzaji hawa kuliko nyingine yoyote. Julai 2020 zaidi ya kampuni elfu moja, zikiwemo zenye majina makubwa duniani, zilisusia kutangaza Facebook kwa sababu ya maudhui ya chuki. Wengi walitarajia kampuni hiyo iyumbe. Mapato yake hayakushuka. Robo hiyo ya mwaka yalipanda kwa zaidi ya asilimia 20 yakilinganishwa na mwaka uliotangulia. Sababu ilikuwa katika taarifa zake za fedha: watangazaji 100 wakubwa kuliko wote walikuwa wamechangia asilimia 16 tu ya mapato katika robo iliyotangulia. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa wengine wote, na mwaka huohuo kampuni ilisema ina watangazaji zaidi ya milioni 10, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wadogo. Mwaka 2023 matangazo yaliiletea Meta karibu dola bilioni 132 katika mapato yasiyofika bilioni 135. Fedha hizo zimejaa dola tatu za huyu na tano za yule, za watu waliolipia chapisho moja lionyeshwe kwa watu wengi zaidi ili mzigo uishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Takwimu hiyo inasema mambo mawili yanayovutana. Kwa pamoja, wauzaji wadogo ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mitandao hii. Kila mmoja peke yake, hata hivyo, hana uzito wowote, na ndiyo maana mtangazaji mkubwa huwa na mtu wa kumpigia simu, ilhali mdogo aliyefungiwa akaunti yake kimakosa hupewa fomu ya kujaza na jibu lililoandikwa na mashine. Mimi naona kosa la ushauri wa tovuti liko hapo: unamtwika muuzaji mzigo wote wa kujilinda na kumwacha anayepokea kodi bila swali. Umoja wa Ulaya umeonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Kanuni yake ya mwaka 2019 kuhusu majukwaa na wafanyabiashara, iliyoanza kutumika tarehe 12 Julai 2020, inalitaka jukwaa limpe mfanyabiashara sababu kwa maandishi linapomsimamishia huduma, na kwa kawaida limpe taarifa ya siku 30 kabla ya kumwondoa kabisa. Ni haki ndogo, na ina mipaka yake, lakini mpangaji yeyote wa nyumba ya matofali angeiona ya kawaida.

Penye sheria kama hiyo na pasipo nayo, kinga iliyo karibu zaidi na muuzaji ni daftari la wateja, na nashangaa jinsi linavyotajwa kwa nadra. Jina la mteja, namba yake ya simu, alichonunua, siku aliyonunua, na kama ameridhia kutumiwa taarifa za bidhaa mpya: hayo yakiandikwa nje ya mtandao wowote, ukurasa ukipotea biashara haipotei nao. Wafuasi hawahamishiki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, ila wateja waliokwisha kununua huhama na namba zao. Picha za asili na maelezo ya bidhaa nayo yatunzwe mahali pengine. Anayetegemea orodha ya kutangazia ya WhatsApp akumbuke kwamba kwa miaka mingi orodha moja imepokea watu 256 tu, na kwamba ujumbe huwafikia wale waliohifadhi namba yake. Hivyo kumwomba mteja aihifadhi namba, mara tu anapopokea mzigo wake akiwa ameridhika, ni kazi yenye faida kuliko kumwomba abonyeze kitufe cha kufuata.

Tovuti ina wakati wake. Wakati huo hufika pale muuzaji anapojibu maswali yaleyale tangu asubuhi hadi usiku, oda zinapoanza kusahaulika ndani ya mazungumzo, na wateja wa zamani wanapotaka kuagiza bila kumsubiri aamke. Atakapofika hapo, mauzo yaliyopatikana ukurasani yatakuwa yanaweza kuilipia, na daftari lake litakuwa na watu wa kuwapelekea anwani ya tovuti hiyo siku inapofunguliwa.