Warumi tisa haianzi na Esau

Ukitaka kuwasha moto kwenye ushirika wa vijana wa chuo, taja Warumi 9. Hazipiti dakika tano mmoja atakuwa ameshafika mstari wa 13, Yakobo kapendwa na Esau kachukiwa, na mwingine atakuwa ameshamjibu kwa 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe. Kuanzia hapo ni kurushiana mistari mpaka mlinzi aje kufunga ukumbi, halafu grupu la WhatsApp linapokea zamu ya usiku.

Mimi niko upande wa wanaoamini uteule. Naamini Mungu aliwachagua walio wake kabla ya kuweka misingi ya ulimwengu, kama Waefeso 1:4 inavyosema, na kwamba hakuchungulia kwanza miaka ya mbele aone nani atakuja kuwa mwema ndipo amchague. Natangulia kusema hivyo ili lawama zangu zieleweke kuwa ni za mtu wa nyumbani.

Lawama yenyewe: tunaisoma sura ile kuanzia katikati. Kabla Esau hajatajwa, Paulo ameshasema ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni, na kwamba angekuwa radhi atengwe yeye na Kristo kwa ajili ya ndugu zake wa damu. Akishamaliza habari za Farao na mfinyanzi, anaifungua sura ya 10 kwa kusema anawaombea hao hao waokolewe. Huzuni mwanzoni, maombi mwishoni, uteule katikati. Anayeufundisha huku anachekelea kumbwaga mpinzani wake anafundisha kitu kingine, hata kama kila sentensi yake ina mstari wa Biblia.

Na tuache kusema haya ni mambo ya Calvin, yule mwanamatengenezo wa karne ya 16. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, alibishana na Pelagio, aliyefundisha kuwa mtu anaweza kumtii Mungu kwa nguvu zake, zaidi ya miaka elfu moja kabla Calvin hajazaliwa. Waanglikana wanalo fundisho hilo katika ibara ya 17 ya zile Ibara 39 za imani yao, inayouita uteule faraja tamu isiyoelezeka kwa waaminio, halafu hapo hapo inaonya kuwa mdadisi asiye na Roho wa Kristo, akiikodolea macho hukumu hiyo kila siku, Ibilisi atamsukuma akate tamaa au aishi ovyo. Walutheri wa Ujerumani nao waliandika mwaka 1577 kwamba uteule unawahusu wanaookolewa tu, si chanzo cha mtu kupotea. Wengi wanaoapa kuwa kanisa lao halina habari hizo wanazo kabatini, hawajafungua tu.

Ila upande wangu una doa, na doa hilo lina jina la mji: Dordrecht, Uholanzi. Jacobus Arminius, profesa wa Leiden aliyefundisha kuwa Mungu huwachagua wale aliotangulia kuona kwamba wataamini, alifariki mwaka 1609. Mwaka uliofuata wafuasi wake wakatoa hoja zao tano, nchi ikagawanyika, na wanasiasa, kama kawaida yao, wakaona mlango. Mwanamfalme Maurits akasimama na Wakalvini. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mzito wa serikali, akawalinda wa Arminius. Novemba 1618 sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ikaketi Dordrecht, na wageni wakiwemo kutoka Uingereza, Uswisi na majimbo ya Ujerumani. Waarminio waliitwa kama washtakiwa. Januari 1619 mwenyekiti Johannes Bogerman akawafukuza ukumbini kwa ghadhabu, na baadaye wachungaji wapatao 200 wakavuliwa huduma. Tarehe 13 Mei, siku chache tu baada ya wageni kuagwa, Oldenbarnevelt, mzee wa miaka 71, akakatwa kichwa mjini The Hague. Shtaka lilikuwa uhaini, si mafundisho. Lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa kinachonishangaza. Watu hao hao wa sinodi waliandika maneno ambayo sijaona mabishano ya vijana yakiyataja hata siku moja. Kifungu cha 16 cha sehemu ya kwanza ya kanuni zao kinasema mtu ambaye bado haisikii imani hai moyoni mwake, lakini anatumia njia alizoziweka Mungu, asitishike akisikia habari za kukataliwa, yaani za wasioteuliwa, bali aendelee kuzitumia na kungoja kwa unyenyekevu. Kifungu cha 17 ni cha wazazi waliofiwa: wazazi wachamungu wasitilie shaka uteule na wokovu wa watoto wao ambao Mungu amewachukua wakiwa wachanga, kwa kuwa watoto hao wamo katika agano la neema pamoja na wazazi wao. Kwenye misiba ya watoto kwetu tumezoea kusikia kwamba Mungu amechuma ua lake zuri, maneno ambayo hayamo popote kwenye Maandiko na ambayo, kusema kweli, yanamfanya Mungu aonekane mwizi wa bustani. Wanaume wale wakali wa 1619 walikuwa na neno bora zaidi la kumpa mama aliyefiwa.

Swali la "kama wateule wameshachaguliwa, basi tunahubiri ya nini?" halinisumbui sana. Paulo alipoogopa kule Korintho, Bwana alimtia nguvu kwa kumwambia kwamba anao watu wengi katika mji ule, na Paulo akakaa akifundisha mwaka mmoja na miezi sita. Wateule wapo, ndiyo maana alibaki. William Carey, fundi viatu Mwingereza na Mbaptisti wa Kikalvini, alikwenda India mwaka 1793 na akambatiza Mhindi wa kwanza, Krishna Pal, mwishoni mwa mwaka 1800. Miaka saba. Sijui mtu angevumilia vipi kama angeamini kila kitu kiko juu ya ufasaha wake.

Kinachonisumbua ni kingine. Nilimsikia mzee wa kanisa akimwambia mama mmoja, ambaye mwanawe ameacha ibada na sasa anakunywa tu, "Mama, huenda yule si mteule. Mwachie Mungu." Alisema kwa sauti ya upole kabisa, tena kwa nia njema. Mzee huyo orodha aliipata wapi? Paulo mwenyewe hakuwa nayo. Angekuwa nayo asingehangaika kuomba. Na Augustino, baba wa fundisho lenyewe katika kanisa la Magharibi, alikuwa mtoto wa aina hiyo hiyo: kijana wa Thagaste, Algeria ya leo, aliyeishi na mwanamke bila ndoa na kufuata Wamani, dini ya nabii Mani wa Uajemi, kwa miaka, huku mama yake Monika akilia mpaka askofu mmoja akamwambia haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Aliyekuja kuutetea uteule kuliko wote alikuwa ameliliwa na mama ambaye hakuacha kumwombea.

Ndugu zangu wa upande wa Arminius watauliza nimeificha wapi 1 Timotheo 2:4. Sijaificha. Wenzangu wengi husema "watu wote" pale ni watu wa kila namna, wafalme na watumwa, kwa sababu mistari ya juu yake inataja wafalme na wenye mamlaka. Hoja ina uzito, lakini naona tunaikimbilia haraka mno, ili hesabu zetu zikae sawa. Mimi nauacha mstari ule useme unavyosema, na Waefeso 1 nayo iseme inavyosema, na ninapomwombea mtu naomba kwa ule wa Timotheo. Wenzangu wa Calvin najua watanirukia kwa hilo. Karibuni.