Ramani ya ajali iliyochorwa na tuiti

Ramani ya kwanza ya ajali za Nairobi ilitokana na watu waliokwama kwenye msongamano. Watafiti, wakiwemo wa Benki ya Dunia, walikusanya tuiti (jumbe fupi za mtandao wa Twitter, sasa X) 874,588 za hali ya barabara, wakaifundisha kompyuta kutambua zipi zinataja ajali, na ajali yenyewe iko wapi. Kazi yenyewe si lelemama. Mtu akiandika "ajali Roysambu", ni stejini, darajani au kule chini kwenye barabara ya pembeni? Kwa baadhi ya taarifa walimtuma mtu wa pikipiki papo hapo akajionee, na asilimia 92 zikathibitika.

Hesabu yao ilifika ajali 22,872 kati ya 2012 na 2020, na nusu yake zimerundikana kwenye chini ya asilimia 1 ya barabara za jiji. Kwa serikali yenye pesa za matuta na vivuko vichache tu, hiyo ni habari ya kufanyia kazi kesho asubuhi.

Lakini nani anatuiti? Lori likipinduka Thika Road saa mbili asubuhi, kila aliyecheleweshwa analalamika. Mtu akigongwa mtaani Kayole saa tano usiku na gari likatoroka, hakuna aliyecheleweshwa. Na kwenye barabara za Kenya, kundi linalokufa zaidi ni waenda kwa miguu. Watafiti wenyewe walikiri kwamba data yao haiwakilishi kila mtu; shida ni kwamba ramani ikishafika ofisini, tahadhari hubaki kwenye ripoti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kupima matokeo. Tuseme sehemu moja ilikuwa na ajali 12, ikawekwa matuta, mwaka uliofuata zikawa 7. Tuta limefanya kazi? Pengine. Ila ukichagua mahali kwa sababu mwaka wake ulikuwa mbaya kupindukia, hesabu hushuka hata usipogusa kitu. Mhandisi Ezra Hauer wa Toronto alilisisitiza hili kwa miaka mingi: linganisha na ajali ambazo zingetarajiwa bila tuta. Hapo modeli nzuri, yaani hesabu ya kukadiria ajali hizo, ni ya lazima, kwa kuwa macho matupu yatadanganyika.

Tuiti haziwezi kubeba mzigo huo. Twitter ilipoondoa njia ya bure ya kuchukua data mwaka 2023, njia hii ya kuhesabu ajali ilizibwa, ila ajali zenyewe ziliendelea. Mimi ningeitumia ramani hii kuchagua pa kuanzia; kujua kama tuta limeokoa mtu, ningekwenda kwenye OB (kitabu cha matukio) ya polisi na rejista ya wodi ya majeruhi, hata kama bado zimeandikwa kwa kalamu.