Nairobi: ulale katikati ya jiji au nyuma ya geti la Westlands?

Kwa zaidi ya miaka hamsini, mnara wa mviringo wa Hilton ulikuwa ndiyo dira ya mgeni wa Nairobi. Ulifunguliwa 1969, mwaka mmoja na InterContinental iliyokuwa jirani na Bunge. InterContinental ilifungwa 2020, na Hilton ikafuata mwishoni mwa 2022. Tangu hapo nimesikia watu wengi wakisema katikati ya jiji kumekwisha, kwamba mwenye pesa zake siku hizi analala vitongojini: Westlands, Gigiri, Upper Hill au Karen. Ukizitazama hoteli za kifahari zilizojengwa karne hii utaona wanachokisema: Tribe ilifunguliwa Gigiri 2008, Sankara ikaja Westlands 2010, Villa Rosa Kempinski ikafuata 2013 kwenye barabara ya Chiromo.

Mimi bado namshauri msafiri wa kawaida alale mjini. Lakini hoja za waliohama si nyepesi, na ni haki zitangulie.

Iliyo nzito kupita zote ni kazi. Makao ya Umoja wa Mataifa yako Gigiri. Ubalozi wa Marekani, uliolipuliwa katikati ya jiji tarehe 7 Agosti 1998, nao ulijengwa upya hukohuko. Mabenki na kampuni kubwa zimejazana Westlands na Upper Hill. Mtu aliyeletwa Nairobi na kikao cha saa mbili asubuhi huko Gigiri, akalala Kimathi Street katikati ya jiji, amelipa pesa nyingi ili aamke alfajiri akakae kwenye foleni ya magari. Huyo simshauri vingine, alale Gigiri.

Pili ni barabara ya juu, ile ya kulipia, inayotoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliyoanza kutumika 2022. Kabla yake, aliyetua uwanja wa Jomo Kenyatta jioni alihesabu saa, hakuhesabu kilomita, na hoteli ya mjini ilikuwa na faida ya kumpokea mapema kuliko ile ya Westlands. Sasa gari linapita juu ya msongamano wote na kushukia Westlands moja kwa moja. Faida hiyo ya mji wa kati imekufa, na anayeupigania mji, kama mimi, asijifanye hakuiona ikifa.

Ila hoja ya tatu, usalama, ndiyo inayotajwa sana na ndiyo ninayoikubali kidogo. Eti ukivuka mto kwenda vitongojini unakuwa umeiacha hatari mjini. Jumba la maduka la Westgate, lililoshambuliwa Septemba 2013, liko Westlands. Hoteli ya dusitD2, iliyoshambuliwa tarehe 15 Januari 2019, iko Riverside, ndani ya geti, mahali palipochaguliwa kwa utulivu wake. Na bomu la usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1981 lililipuka hoteli ya Norfolk, ukingoni mwa mji wa kati. Hizo hoteli na majumba hayakufuatwa kwa sababu ya mtaa. Yalifuatwa kwa sababu ya nani anakaa humo. Kinachobaki kwenye hoja ya usalama ni wezi wa simu na giza. Hilo ni kweli: saa moja jioni ikishapita, mgeni asizunguke mjini na simu mkononi. Lakini Westlands na Gigiri mgeni hazunguki kwa miguu hata mchana, maana nje ya geti anakutana na barabara kubwa, ukuta wa jirani, na ukuta mwingine.

Hili la kuta nalijua vizuri. Miaka michache iliyopita nilimpandisha mamangu kutoka Mombasa aje kutibiwa macho. Nilikuwa nimeweka akiba, nikataka safari hii asilale kwa jamaa kwenye godoro la sebuleni. Alale mahali panapomheshimu. Nikachagua kwa picha: kidimbwi cha kuogelea cha buluu, kitanda kipana kama sebule yetu, maua kila kona. Hoteli yenyewe haikuwa na kasoro, na wahudumu walimpokea kwa adabu. Lakini siku ya pili jioni nilimkuta ameketi dirishani, na mtandio wake begani kwa baridi, anautazama ukuta wenye nyaya za umeme juu. Akaniuliza, “Mwanangu, Nairobi yenyewe iko wapi?”

Safari iliyofuata nilimtafutia chumba mtaa wa pili kutoka Msikiti wa Jamia. Asubuhi alishuka, akaenda adhuhuri msikitini kwa miguu yake, akapitia City Market kutazama samaki na kulalamika bei, akarudi chumbani kupumzika, akatoka tena. Hakuningoja mimi wala teksi. Kelele za matatu zilimkera usiku, hilo nakiri, na alichokikosa ni kidimbwi, ambacho hata hivyo safari ya kwanza hakukitia mguu. Kwa hesabu yangu, tulilipa pesa pungufu na akapata hoteli kubwa zaidi, kwa sababu safari hii ukumbi wake wa mapokezi uliishia Muindi Mbingu Street, penye soko hilo.

Kuna jambo jingine ambalo mji wa kati unalo na vitongoji haviwezi kulijenga: umri. Hoteli ya Stanley ilianza 1902, ikahama kabla ya kutulia ilipo sasa, pembeni mwa Kimathi Street na Kenyatta Avenue. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904. Umri huo huuzwa kama fahari, picha za wawindaji na wageni mashuhuri. Theodore Roosevelt alilala Norfolk 1909. Mimi naulipia umri huo kwa furaha, ila naudai wote. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jirani na Norfolk kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akawatangulia wanaume kwa ujasiri, na risasi zikaanza. Inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walifyatua. Serikali ya kikoloni ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walihesabu zaidi. Sisemi mtu asilale hapo. Nasema Mkenya anayenywa chai kwenye baraza ile ana haki ya kujua ameketi wapi, na chai hiyo itakuwa na uzito ambao hoteli ya mwaka 2013 haiwezi kumpa.

Kwa asiyetaka kuchagua upande, Serena, iliyojengwa miaka ya sabini, iko ukingoni mwa mji kando ya bustani: mjini unafika kwa miguu, na kelele hazikufuati chumbani kama kule Kimathi.

Popote utakapoangukia, kabla ya kulipa uliza bei ya wakazi, maana hoteli nyingi za hadhi zina bei ya chini kwa raia wa Afrika Mashariki na hazikuambii usipouliza. Uliza pia kama bei uliyotajiwa imeshajumlisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Wikendi mara nyingi hushuka, kwa sababu wenye marupurupu ya mikutano wamerudi makwao. Na kwa watu wa Pwani, Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi ya kweli: jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kidimbwi kisichopashwa moto ni cha kutazamwa tu.

Mamangu anarudi kuangaliwa macho Agosti. Kliniki yake iko Upper Hill, na kuna hoteli nzuri kabisa hatua chache kutoka hapo, ambayo kwa mantiki ya kikao cha Gigiri ningepaswa kuichagua. Lakini kliniki ni asubuhi moja, na yeye anakaa siku nne. Nimeshaomba chumba mjini, ghorofa ya juu, upande usiotazama barabara, na blanketi la pili.