Sekunde 20 za jazi, halafu?

Wimbo wangu wa kwanza wa jazi niliumaliza kwa sekunde 20 hivi. Ulikuwa "C Jam Blues" wa Duke Ellington, mpiga piano wa Kimarekani, wa mwaka 1942, na sijawahi kukutana na muziki mwepesi namna ile. Melodi nzima ina sauti mbili tu, G na C. Mwanakwaya angesema so na do, basi. Mimi niliyekwisha kupita daraja la sita la mitihani ya ABRSM, ile ya muziki ya Waingereza, niliketi kwenye piano, nikaupiga bila kukosea, nikaweka mikono mapajani kama nilivyofundishwa.

Rafiki yangu, mpiga kinanda wa kanisani asiyejua kusoma noti hata moja, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Endelea, kaka."

"Niendelee na nini? Umeisha."

"Haujaisha. Hiyo ilikuwa salamu tu."

Ilinichukua wiki kadhaa kumwelewa. Karatasi ya jazi huwa na melodi, na juu yake herufi za kutaja kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja (za muziki hizi, za TRA zina maumivu yake). Unapiga melodi, unasalimia. Kisha unazunguka juu ya kodi zilezile ukisema yako, raundi tatu, kumi, kadiri ulivyo na la kusema. Mwishoni unairudia melodi, unaaga. Maongezi yenyewe hayamo kwenye karatasi.

Ndiyo maana sivipendi vile vitabu vya "jazi rahisi" ambavyo wengi wetu tunaotoka kwenye klasiki huvikimbilia, vyenye kila noti imeandikwa, mpaka solo. Nilikuwa nacho kimoja. Nilikipiga miezi miwili, nikaishia kupiga klasiki iliyovaa kofia. Kukariri solo iliyoandikwa na mtu mwingine bila kujua ilivyotungwa ni kama kukariri maongezi ya jirani na shangazi yake: utayasema yote sawasawa, lakini shangazi akibadili swali umekwisha.

Anza na bluzi ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Si ile bluzi ya harusini ya kukumbatiana. Hii ni mzunguko wa kodi tatu tu: C vipimo vinne, F viwili, C viwili, G kimoja, F kimoja, kisha C viwili vya kumalizia. Jambo lililoniokoa ni kuacha kupiga kodi nzima. Kwa C, ambayo kwenye bluzi hupigwa kama C7, mkono wa kushoto unashika sauti mbili tu, E na kitufe cheusi kilicho chini ya B. Ukitaka F7, teremsha vidole vyote viwili nusu toni, yaani hadi kitufe cha jirani kabisa, cheupe au cheusi. Ukitaka G7, rudi pale pa C7, kisha pandisha vyote viwili nusu toni. Kwisha. Bluzi nzima iko kwenye nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Siku nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu, nikakumbuka miaka niliyorukaruka oktava nzima kutafuta besi.

Mdundo ndio ulionitesa zaidi. Kwenye klasiki ukigawa pigo mara mbili, nusu zinalingana. Kwenye jazi ya kuswingi nusu ya kwanza inajivuta na ya pili inafupika, na kiasi cha kujivuta hakiandikwi popote. Rafiki yangu alinifanya niwashe metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ilie kwenye pigo la pili na la nne tu. Jaribuni. Dakika tano za kwanza nilijiona kama mtu anayetembea na viatu vya watoto.

Simo katika kundi la wanaosema klasiki inamharibu mpiga jazi. Bill Evans, aliyepiga piano kwenye "So What" ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1959, alisomea klasiki chuoni. Na wimbo huo mwanafunzi mpya anauweza: vipimo 16 kwenye skeli (ngazi ya sauti) ya vitufe vyeupe kuanzia D, vinane nusu toni juu, kisha vinane unarudi. Kinachoharibu ni ile hofu tunayovuna kwenye mitihani. Pasi ni alama 100 kati ya 150, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikisikia penseli ya msahihishaji ikikwaruza kila kidole kilipoteleza. Enzi za Bach, mtunzi wa klasiki wa zamani, mpiga kinanda aliyewasindikiza wenzake alipewa mstari wa besi wenye tarakimu, kodi akajaza mwenyewe papo hapo. Karatasi ya jazi ina tofauti gani na hiyo?

Wengi watakuambia uanze na "Autumn Leaves" wa Joseph Kosma. Mzuri sana, lakini kodi zinabadilika karibu kila kipimo. Uache kidogo.

Nyumbani, mzee aliposikia najifunza jazi alifurahi, akaja sebuleni kusikiliza, akauliza magitaa yako wapi. Kwake yeye jazi ni Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, ni OK Jazz ya Franco. Nilimpigia "C Jam Blues" na raundi mbili za solo yangu. Akasikiliza kwa adabu, akasema, "Sasa hapo mtu anachezaje?"

Wiki hii nimefika raundi nne bila kusimama. Kipimo cha tisa, pale G inapoingia, bado nachelewa. Juzi nimechelewa tena, nikatoa mikono, nikaanza kuomba radhi. Rafiki yangu hakunijibu. Alinyoosha mkono juu ya bega langu, akashika F na B, akaendelea kuhesabu vipimo kwa sauti: kumi, kumi na moja.