Debe tupu halina kosa

Debe tupu haliachi kuvuma, tunaambiwa tangu utotoni. Mimi leo nalitetea debe. Kwanza lile la methali si tupu, limejaa hewa. Anayetaka kuona utupu unaokaribia ule wa kweli afanye jaribio la darasani: atie maji kidogo ndani ya debe, ayachemshe mpaka mvuke ufukuze hewa, aliepue, alifunge barabara, kisha alimwagie maji baridi. Mvuke hurudi kuwa maji na debe hubonyea mbele ya macho yake.

Nani kalibonyeza? Wengi hujibu kwamba utupu umelivuta. Lakini utupu hauna mkono. Kilicholibonyeza ni hewa ya nje, ambayo ilikuwa ikilisukuma siku zote, ila hewa ya ndani ilikuwa inaizuia. Ilipoondoka, tukaona kilichokuwepo. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya utupu.

Ulaya ilikaa karibu miaka elfu mbili ikimwamini Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba ombwe, yaani utupu usio na hata hewa, haliwezekani. Wachimba visima, hata hivyo, walijua kuwa pampu ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi. Torricelli wa Italia akajaza zebaki kwenye mrija wa kioo na kuugeuza juu ya beseni. Zebaki ilishuka, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki patupu. Mwaka 1644 alimwandikia rafiki yake kwamba tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na uzito wa hewa hiyo ndio unaoishikilia zebaki mrijani. Fundi pampu wa leo hahitaji barua hiyo: kisima kikiwa kirefu, anaitumbukiza pampu chini kabisa ili isukume maji badala ya kuyavuta.

Utupu upo hata mezani kwako. Chupa ya chai, iliyobuniwa na James Dewar mwaka 1892, ina kuta mbili za kioo na katikati yake hewa imeondolewa, hivyo joto linakosa wa kulibeba. Ikivunjika ile ncha ndogo ya kitako, hewa ikaingia, chai inapoa upesi ingawa chupa kwa nje ni ile ile.

Ninachokitaka hasa ni kuiheshimu "hamna" kama jibu. Mwaka 1887 wanasayansi Michelson na Morley, kule Cleveland, Marekani, walitafuta dalili za etha, kitu kilichodhaniwa kubeba mwanga angani. Hawakuona tofauti ya kasi ya mwanga waliyoitarajia. Waliandika hivyo hivyo, na fizikia ikalazimika kufikiri upya. Linganisha na mwanafunzi wetu wa chuo ambaye dodoso zake zimeonyesha kwamba hakuna tofauti: anahaha, anazichambua upya mpaka tofauti ipatikane, na msimamizi anafurahi. Huo naita uongo wenye majedwali.

Zahanati nako ni hivyo hivyo. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka kikionyesha mstari mmoja tu, ule wa kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi, maana yake vimelea havikuonekana. Mgonjwa ananuna: "Yaani homa yote hii hamna kitu?" Anapita duka la dawa, ananunua mseto, dawa ya malaria, anajipa moyo. Kumbe lile jibu lilikuwa limempunguzia daktari mlango mmoja wa kubisha. Homa bado ipo, na huenda ni nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo, magonjwa ambayo mseto hauyagusi. Angerudi ndani akauliza, "Kama si malaria, tupime nini sasa?"