Waandikieni watoto mjusi wa Tendaguru

Vijana wa hapa Mtwara wanaotaka kuandika vitabu vya watoto huniletea miswada yao, nami huisoma kwa furaha, maana kusini tunawahitaji mno. Lakini mingi inafanana: mtoto mtukutu anakaidi, balaa linampata, anajuta, kisha ukurasa wa mwisho mwandishi anatueleza tumejifunza nini. Mtoto hawezi kuomba asomewe mahubiri mara ya pili.

Kwa maoni yangu, anayeanza atafute kwanza jambo la kumkodolesha mtoto macho. Na tunayo! Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, ndiko Wajerumani walikochimbua mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, kati ya 1909 na 1913. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wetu. Mizigo ilipelekwa kwa miguu, siku kadhaa porini, hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi mmoja amesimama katika makumbusho ya Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Basi mpeni msomaji binti wa mpagazi. Anamsubiri baba njiani, anauona mfupa uliompita yeye urefu, anauliza ni mnyama gani huyo na yuko wapi sasa. Kitabu hicho ningekinunua leo.

Si lazima iwe dinosaria. Mtoto wa Newala au Tandahimba anajua kwamba ukiing'ata korosho mbichi na ganda lake, mafuta yatakubabua midomo. Anajua doa la bibo kwenye shati la shule lilivyo bishi kwa sabuni. Halafu anafungua kitabu anakuta tufaha! Inaniuma.

Kuhusu uandishi wenyewe, kitabu cha picha mara nyingi huwa na kurasa 16, 24 au 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ndipo ikakatwa. Nafasi ni ndogo, na nusu yake ni ya mchoraji. Usiandike kwamba mbuzi alikuwa mweusi; mchoraji atamchora mweusi. Kisha wasomee watoto kwa sauti, na wasiwe wanao, kwa sababu wanao wanakupenda. Wakianza kuchezea mchanga, weka alama hapo kwa penseli. Hapo pana sentensi ya kukata, pengine ukurasa mzima.

Mswada ukikomaa, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kundi la hadithi za watoto, jaribuni. Anayejichapia mwenyewe ataomba ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Na kabla mchoraji hajashika brashi, andikianeni mkataba: analipwa mara moja au kwa asilimia ya mauzo, na jina lake litakaa jaladani pamoja na lako.