Fundi Pisa

Najua mmeshaisikia ile sauti iliyozungushwa kwenye grupu jana usiku. Aliyeituma ni rafiki yangu wa karakana, na ametia chumvi kilo nzima. Eti nimeharibu nguzo kumi. Muongo! Ni sita.

Kazi yenyewe ni kiunzi cha bugenvilia kwa mzee mmoja Mtaliano hapa Malindi. Mabomba ya inchi moja na nusu, kila nguzo isimame juu ya bomba jingine lililolazwa, kwa hivyo chini ikatwe mdomo wa samaki, yaani mkato wa mviringo unaokumbatia bomba la chini. Wenzangu hukata kwa jicho na grinda. Mimi nina kompyuta, bwana.

Nikachora. Bomba la inchi moja na nusu kipenyo chake cha nje si milimita 38, ni 48.3 (hilo nalijua, msinicheke hapo). Unene wa chuma, 3.2. Nikalitia ufa mwembamba ubavuni, nikaiamuru programu ilikunjue kama bati. Nikauchapa mchoro kwenye karatasi iwe kiolezo cha kukatia, na pembeni nikaweka mraba wa milimita 100 wa kuhakiki kwamba printa haikupunguza. Nikaupima: 100 kamili. Kifua mbele.

Nikakivingirisha kiolezo kwenye bomba. Hakikufika.

Nikakivuta. Hakikufika. Kimekaa kama kikoi cha mtoto kiunoni mwa mzee mwenye tumbo, pengo la milimita 10 latazama juu. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema karatasi imenywea kwa joto la Malindi. Naam, nilisema hivyo, kwa sauti, na shahidi ndiye huyo mwenye simu. Pengo nikaliunga kwa penseli. Mara sita. Nikakata zote sita bila kujaribu hata moja.

Nikaisimamisha ya kwanza. Ikacheza kama jino bovu. Nikaizungusha taratibu, ikalala upande. Nikaizungusha tena, ikalala upande wa pili, chini yake sarafu ya shilingi kumi yapita bila kugonga. Nikainua macho. Mzee amesimama kibarazani na kikombe chake cha kahawa. Akainamisha kichwa upande ule ule wa nguzo. Akanywa funda moja. Akasema neno moja tu:

"Pisa." Ule mnara wa kwao Italia ulioinama.

Kosa lilikuwa K-fakta, ile namba inayoiambia programu ipime mzunguko wa bomba wapi ndani ya unene wa chuma. Niliiacha 0.5, na hiyo hupima katikati ya unene wa chuma: 48.3 toa 3.2, mara pai, ni 141.7. Karatasi huzunguka nje: 48.3 mara pai, 151.7. Zile 10 zilizopotea ndizo hizo! Na kwa kuwa robo ya karatasi ilikuwa 35.4 badala ya 37.9, masikio mawili ya ule mdomo hayakuelekeana. Weka K iwe 1, ipime nje, au kunjua uso wa nje peke yake. Kisha chora mistari minne ya robo kwenye bomba na kwenye karatasi. Isipolingana, weka grinda chini. Wallahi iweke chini.

Nimezikata upya, nguzo zimepungua sentimita nne, mzee amelipa, yamekwisha.

Asubuhi hii nimekwenda kununua mahamri. Mama muuzaji hata hakunitazama usoni.

"Pisa, leo mangapi?"

Nikamwambia manne, na mbaazi.